Ubwiri vinyoya kwenye matango: geuza jani kabla ya kwenda dukani

JaniLaChini

Habari za humu wakuu. Masika ikiingia, na tena umande wa Juni hadi Agosti ukianza kulala shambani, maswali ya matango huwa ni yaleyale: mabaka ya njano juu ya jani, majani ya chini yanakauka, "nipige dawa gani?" Majibu huja majina kumi ya pakiti, na aliyeuliza anaondoka na orodha ya manunuzi bila kujua anapambana na nini. Naanzisha uzi wa ubwiri vinyoya peke yake. Wenye ujuzi wa dawa, mabomba na vitalu nyumba waongezee.

Kimelea chenyewe kitaalamu ni Pseudoperonospora cubensis. Mtaani tunakiita ukungu, lakini si kuvu halisi. Kiko kwenye kundi la oomaisiti (vimelea vinavyofanana na ukungu lakini si kuvu), jamii moja na kile cha bakajani chelewa kwenye nyanya na viazi. Shikeni hapo, kwa sababu ndipo inapoeleweka kwa nini dawa nyingi za ukungu zilizopo rafuni hazikifanyi chochote.

Mzunguko wake ni wa usiku na asubuhi. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 90 kwa muda wa kama saa 6 usiku, vinyoya vya rangi ya kijivu inayoelekea zambarau huota upande wa chini wa jani. Asubuhi umande unapokauka, kuanzia saa mbili hadi kwenye saa tano, mbegu zake (spora) huachia na kusafiri na upepo. Zinaweza kwenda mbali sana, kwa hiyo hata shamba safi lisilo na jirani linapata. Spora ikitua kwenye jani lenye maji hutoa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea hadi kwenye vitundu vya kupumulia vya jani na kuingia. Kwenye nyuzi joto 15 hadi 20 maji yakikaa juu ya jani kwa muda wa saa 2 tu yanatosha. Usiku wa Dar una joto kidogo kuliko hapo, ila umande wetu hukaa muda mrefu zaidi ya huo, kwa hiyo hatupati nafuu.

Baada ya kuingia, siku 4 hadi 12 hupita kabla hujaona kitu. Baka unaloliona leo ni maambukizi ya wiki iliyopita, na majani mawili matatu ya juu yake yanayoonekana mazima huenda yameshaingiliwa. Anayesubiri baka ndipo atafute dawa ameshaachwa nyuma.

Dalili: juu ya jani mabaka ya njano yenye kona, kwa kuwa mishipa ya jani huyazuia kutanuka. Huanzia majani ya zamani karibu na shina. Ukigeuza jani asubuhi na mapema kabla jua halijakausha, unaviona vinyoya. Baadaye baka hugeuka kahawia, mabaka yanaungana, jani linajikunja kingo kuelekea juu na kukauka. Tunda lenyewe halishambuliwi. Linachomwa na jua kwa kukosa kivuli cha majani, linadumaa na kupinda, na mchumo unakatika mapema.

---

MsongolaMboga

Mkuu asante kwa uzi. Mabaka yenye kona nimeyaona kwenye matango ya bondeni huku Msongola, lakini bwana shamba mmoja akasema ni bakteria. Tunatofautishaje?

---

JaniLaChini

Bwana shamba hajakosea kuwaza hivyo, kwa sababu madoa ya kona ya bakteria (Pseudomonas syringae) yanafanana sana kwa juu. Angalia mambo haya:

Bakteria: doa huanza likiwa limelowa maji, ukilimulika na jua linapitisha mwanga. Chini yake asubuhi kuna utomvu mweupe unaokauka na kuacha ganda jembamba. Katikati ya doa hudondoka na kuacha tundu. Tunda nalo hupata madoa madogo. Hakuna vinyoya.

Ubwiri unga: poda nyeupe, juu na chini ya jani, na shina pia. Huu hupenda majani makavu na hewa iliyotulia, ndiyo maana unauona hata kiangazi.

Chule: madoa ya mviringo, hayafuati mishipa, na tunda hubonyea.

Utitiri: vidoa vidogo vidogo vya njano, na chini kuna utando mwembamba na wadudu wanaotembea. Lenzi ya mkononi inamaliza ubishi.

Ukosefu wa magnesiamu: njano kati ya mishipa kwa mpangilio, pande zote mbili za jani zinalingana, hakuna mipaka mikali.

Ukibaki na shaka, chuma majani matano yenye mabaka mabichi (yaliyokauka hayafai), yatie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na tishu iliyoloweshwa na kukamuliwa, funga, weka gizani chumbani usiku mmoja. Chumba kisizidi nyuzi 30, kwa hiyo si juu ya friji wala karibu na bati. Asubuhi vinyoya vikiwapo kwenye mabaka upande wa chini, jibu umelipata bila nauli ya kwenda maabara.

---

BiTango

Niongezee hapo: kwenye tikitimaji na tikiti (meloni) mabaka hayana kona za wazi kama kwenye tango. Yanakuwa kama mviringo, ya kahawia, na jani hujikunja haraka. Watu wanadhani ni chule, wanaendelea kuotesha matango pembeni yake.

---

RafuYaDawa

Naingia upande wa dawa, maana hapo ndipo hela inapopotea.

Kwanza ziondoeni zisizofanya kazi. Kwa kuwa hiki ni oomaisiti, viini hivi (kemikali yenyewe ndani ya pakiti) havikiui: hexaconazole, tebuconazole, difenoconazole, carbendazim, na salfa. Hizo za -conazole zinaziba utengenezaji wa egosteroli (mafuta ambayo kuvu halisi huyahitaji kujenga ngozi ya seli zake), na kimelea hiki hakiitengenezi, kwa hiyo hakuna cha kuziba. Salfa ni ya ubwiri unga, na kwenye jua kali la Dar inaunguza majani ya matango. Magadi, maziwa na majivu nayo, kama yana msaada wowote, ni kwa ubwiri unga. Mteja akija na kusema "ubwiri" tu, muuzaji asiyeuliza ni upi anampa kitu cha unga. Taja jina kamili, vinyoya.

Zinazofanya kazi nazigawa mara mbili.

Za kukinga, zinazokaa juu ya jani: mancozeb, propineb, chlorothalonil, shaba. Zinaua spora kabla haijaingia. Ikishaingia, hazimfikii. Uzuri wake ni kwamba usugu dhidi yake ni mgumu kutokea, na bei yake inabebeka.

Za kupenya: metalaxyl (kundi 4), azoxystrobin (kundi 11), dimethomorph na mandipropamid (zote kundi 40), cymoxanil (27), propamocarb (28), cyazofamid (21), fluopicolide (43). Namba hizo ni za mpangilio wa kimataifa wa FRAC, nazo zinaeleza dawa inamvunja kimelea wapi. Lebo nyingi siku hizi zinaandika namba hiyo. Isipokuwapo, soma jina la kiini cha dawa kwa maandishi madogo, achana na jina kubwa la mbele.

Sasa mtego wenyewe. Pakiti nyingi zenye namba 72 ni mancozeb asilimia 64 na metalaxyl asilimia 8, jumlisha upate 72. Ridomil Gold MZ 68 ni mancozeb 64 na metalaxyl-M 4. Mkulima anapiga ya 72 ya kampuni moja, wiki ijayo ya 72 ya kampuni nyingine, wiki ya tatu Ridomil, anasema "nimebadilisha dawa mara tatu." Hajabadilisha hata mara moja. Usugu wa kimelea hiki kwa metalaxyl ulionekana Israel tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo umeenea nchi nyingi. Mara nyingi kinachomsaidia mkulima kwenye pakiti ile ni mancozeb peke yake, naye amelipia bei ya viwili. Azoxystrobin nayo imeshapigwa usugu huko na huko, msiitegemee ikiwa peke yake.

Mtego wa pili: dimethomorph na mandipropamid ni kundi moja. Kupokezanisha hizo mbili ni kurudia.

---

MsongolaMboga

Sasa mtu anajuaje kama metalaxyl bado inafanya kazi eneo lake? Maana kwa bei ya pakiti si busara kuitupa tu kwa kusikia.

---

RafuYaDawa

Jaribio lipo na halina gharama. Mapema, kabla ugonjwa haujashika, chagua mistari miwili iliyo jirani. Mmoja piga mancozeb tupu, mwingine mancozeb na metalaxyl, ukihakikisha kiasi cha mancozeb kinalingana. Rudia baada ya siku 7. Kama siku chache baadaye mistari yote miwili ina mabaka sawa, metalaxyl kwako haina kazi, nunua mancozeb tupu na hela inayobaki iweke kwenye kiini cha kundi jingine. Weka alama za vijiti kwenye mistari, msitegemee kumbukumbu.

---

Nozeli_16L

Mnaongea dawa vizuri sana, lakini mnasahau kwamba kimelea kinaingilia chini ya jani na kinazalia chini ya jani, huku wengi wanapiga juu. Dawa za kukinga hazihami. Mancozeb iliyotua juu inakinga juu tu. Hata baadhi ya hizo za kupenya zinavuka kutoka juu kwenda chini kidogo tu.

Mambo ya kurekebisha kwenye bomba:

Nozeli iwe ya koni yenye tundu katikati, si ya feni ya kupigia dawa ya magugu. Zile za shaba zinalika na poda. Ukiona matone yamekuwa makubwa au mwagiko umeinama upande mmoja, badilisha, bei yake haifiki hata pakiti moja ya dawa.

Fimbo ya bomba ianzie chini ikipanda juu, ncha ikitazama juu, pande zote mbili za mstari. Hili haliwezekani kama matango yanatambaa ardhini, na hiyo ni sababu tosha ya kuyapandisha kwenye kamba.

Pampu mkono mfululizo. Presha ikishuka matone yanakuwa mazito na yanadondoka.

Ukaguzi: mancozeb ikikauka huacha vumbi la manjano hafifu. Geuza majani kumi ya chini na ya katikati, ukikuta chini ni kijani safi, hujapiga dawa bado, umeoga tu.

Sasa hesabu, maana "bomba tatu kwa robo eka" si kipimo. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Ukiwa na mistari ya mita 1.2 una kama mita 830 za mstari. Weka lita 5 za maji matupu, piga pande zote mbili hadi majani yalowe bila kuchuruzika, pima umekwenda mita ngapi. Tuseme 60. Basi 830 gawa kwa 60, mara 5, ni kama lita 70: mabomba 4 ya lita 16 na lita 6 juu. Lebo ikisema gramu 50 kwa lita 20, hiyo ni gramu 2.5 kwa lita, sawa na gramu 40 kwa bomba la lita 16, na gramu 175 kwa lita zote 70. Watu wengi wanachukua gramu 50 za bomba la lita 20 wanazitia kwenye la 16, au wanapima kwa kifuniko cha soda. Poda haipimwi kwa kifuniko, kila dawa ina uzito wake. Mzani mdogo wa jikoni wa dijitali unatosha, na mzani huo usirudi jikoni tena.

Mimea ikiwa midogo punguza ujazo wa maji, usipunguze ukali wa dawa kwa lita.

Kuchanganya: tia poda kwenye ndoo ndogo yenye maji kidogo, koroga hadi uji usio na madonge, jaza bomba nusu, mimina uji ukichuja, kisha ongeza maji. Kama kuna dawa ya maji ifuate baada ya poda, na stika (kinata cha kushikisha dawa kwenye jani) mwisho. Bomba lililopigia dawa ya magugu, hasa yenye 2,4-D, lisikaribie matango hata likisuguliwa. Majani yatasokotwa mkadhani ni virusi.

---

BiTango

Nozeli, ahsante kwa hesabu. Mnapiga saa ngapi? Asubuhi kuna umande, mchana jua kali.

---

Nozeli_16L

Mapema asubuhi, kabla umande haujakauka, spora hazijaruka na dawa iko mahali pake. Mimi nashauri hapo.

---

JaniLaChini

Hapo nakupinga, mkuu. Jani lililolowa umande dawa inachujuka na kudondoka, na unaongezea saa za unyevu juu ya zile zilizokuwapo. La pili ni nyuki. Maua ya matango hufunguka asubuhi, na aina nyingi zinazolimwa nje haziwezi kuzaa bila nyuki. Ukiwafukuza asubuhi utapata matango yaliyopinda na kubonyea ncha, kisha utalaumu mbolea. Saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja jioni ndiyo nzuri kwa Dar: nyuki wamepungua, jua limelegea, na dawa inakauka kabla umande haujashuka usiku. Kupiga saa kumi na mbili jioni ndiko kubaya kuliko kote, jani linalala na maji.

---

Nozeli_16L

La nyuki nakubali. Ila masika alasiri ndiyo mvua inakuja siku nyingi. Kwenye siku hizo nisubiri umande ukauke, nipige kwenye saa nne, ama?

---

JaniLaChini

Ndiyo, masika unapiga pale penye mwanya. Soma utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wa siku hiyo. Viini vingi vya kupenya vinahitaji muda wa saa moja hadi mbili kabla ya mvua, lebo inasema. Mancozeb lazima ikauke kabisa, na mvua kubwa ya mara moja inaisafisha sehemu kubwa hata kama ilikauka. Baada ya mvua ya namna hiyo usihesabu siku 7, rudia mara tu majani yakikauka.

---

KitaluNyumba

Kwa wenye vitalu nyumba: mvua haiingii, lakini unyevu haupungui wenyewe, na vyandarua vya kuzuia nzi weupe vinabana hewa. Fungua pande na matundu ya juu mapema alfajiri ili joto na mvuke vitoke kabla jua halijapanda, si saa nne ukishafika kazini. Maji ya matone yamalizike kabla ya saa sita mchana ili udongo wa juu ukauke kabla ya usiku. Kama matone ya maji yanadondoka kutoka kwenye nailoni ya paa juu ya majani asubuhi, hiyo ni mvua yako binafsi. Kaza nailoni, ongeza mteremko.

Ndani mara nyingi tunalima aina zinazozaa bila nyuki, kwa hiyo hoja ya nyuki haiko, saa za dawa ni kuangalia ukavu tu.

---

UpepoWaKusi

Naona hamjagusa mpangilio wa shamba, na kwa Dar hilo lina uzito sawa na dawa.

Kimelea hiki kinaishi kwenye jani hai tu. Ulaya na Marekani ya kaskazini baridi ikiua mimea, nacho huisha hadi kipeperushwe tena kutoka kusini kwenye joto. Kwetu hakuna baridi ya kukiua. Matango, maboga, tikitimaji, mung'unye na madodoki vipo mwaka mzima, bustani hadi bustani, kuanzia Chanika hadi Mbweni. Anayepanda kitalu kipya kila wiki tatu ili awe na mzigo wa masoko ya Ilala na Mabibo daima anakitengenezea ngazi: shamba la zamani linalisha jipya.

Tumia upepo. Aprili hadi Oktoba upepo mkuu ni kusi, kwa hiyo shamba jipya liwe upande wa kusini wa lile la zamani. Kaskazi ikiingia, kwenye Desemba hadi Machi, geuza. Haikupi kinga kamili, inachelewesha, na wiki mbili za kuchelewa kwenye tango ni michumo kadhaa. Mistari ielekezwe kaskazini na kusini ili upepo upite kati yake badala ya kuugonga ubavuni.

Mabonde ya Msimbazi, Mzinga na Mpiji yana maji na udongo mzuri, ila umande unakaa huko hadi jua liwe juu. Kama una eneo la mwinuko na la bondeni, matango ya masika yapeleke mwinuko, bondeni weka mchicha au kitu kisicho jamii ya maboga.

Nafasi: kwenye kamba, mita 1.2 kati ya mistari na sentimita 40 kati ya mimea. Kubana ili mimea iwe mingi kwa eka kunafunga hewa. Toa majani matatu manne ya chini yanayogusa udongo mimea ikishapanda, kwa saa ambayo majani ni makavu, uyabebe kwenye mfuko usiyaburute kupita kwenye mistari. Urea nyingi nayo inaleta majani mapana laini yanayofunikana, gawanya mbolea kidogo kidogo.

Kumwagilia kwa keni au kwa mpira wa kunyunyiza jioni ni kuongezea umande. Asiye na matone amwagilie shinani, asubuhi.

---

MsongolaMboga

Na mabaki? Tumezoea kuchoma majani yaliyokauka na kubadilisha zao kwenye tuta.

---

UpepoWaKusi

Kwa ugonjwa huu majani yaliyokauka kabisa hayana hatari, kimelea kimekufa nayo. Kuchoma ni jasho la bure. Hatari ni mmea mzee uliochoka lakini bado una majani mabichi, ambao umeachwa kamba hazijashushwa kwa sababu "bado unatoa tunda moja moja". Huo unarusha spora kila asubuhi. Kubadilisha zao endeleeni nako kwa ajili ya minyoo ya mizizi, chule na bakteria, lakini msitarajie kwamba kutazuia ubwiri vinyoya, hauishi ardhini huku kwetu kwa kiasi cha kuhesabu.

---

BiTango

Mbegu je? Dukani wanasema "hii haishikwi na ukungu".

---

JaniLaChini

Hakuna tango lisiloshikwa. Kuna yanayochelewa kushikwa. Usisikilize maneno ya kaunta, soma nyuma ya pakiti: alama Pcu ndiyo ya kimelea hiki. HR ni ukinzani wa juu, IR ni wa kati. Ukiona Px hiyo ni ya ubwiri unga, haikusaidii hapa. CMV ni virusi vya batobato.

Aina za zamani kama Poinsett 76 zilibeba ukinzani uliotokana na mbegu ya India iitwayo PI 197087. Ulifanya kazi miongo mingi, Marekani walikuwa karibu hawapigi dawa, hadi 2004 ulipovunjwa na kimelea kilichobadilika, na mashamba ya matango ya pwani ya mashariki yakaungua. Bado una msaada kidogo, ugonjwa unaenda polepole, na ukiuunganisha na dawa ya kukinga unapata nafasi ya kupumua. Lakini mkulima anayepanda chotara yenye IR na kukaa bila kukagua amenunua usingizi.

---

BiTango

Basi mtupe ratiba. Na ile habari ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, maana matango yanachumwa kila baada ya siku mbili. Lebo ikisema siku 7 nafanyaje?

---

RafuYaDawa

Dada umeuliza swali ambalo wengi hulikimbia. Siku 7 za kusubiri na mchumo wa kila siku mbili haviendi pamoja. Ama unamwaga michumo mitatu, ama unawalisha watu wa Dar dawa, na tango huliwa bichi na maganda yake. Kwa hiyo ratiba inapangwa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mchumo wa kwanza, ambayo ni kama siku 40 hadi 50 tangu kupanda.

Mmea ukiwa na majani halisi matatu manne hadi kuanza maua: mancozeb au propineb kila siku 7. Hapa ndipo dawa zenye siku nyingi za kusubiri zinatumika bila dhambi. Shaba inaweza kupokezana nayo, inasaidia pia dhidi ya bakteria, ila kwenye majani machanga na hali ya kulowa muda mrefu inaunguza.

Mistari ikikaribia kufunikana, au ukiona baka la kwanza popote jirani: mancozeb iliyochanganywa na cymoxanil au dimethomorph. Cymoxanil inaweza kumshika kimelea aliyeingia ndani ya siku moja au mbili zilizopita, lakini haikai, baada ya siku chache imekwisha, ndiyo maana haitegemewi kama kinga ya pekee. Na haipendi maji ya magadi: kwenye pH 9 nusu yake huvunjika ndani ya kama nusu saa. Visima vingi vya hapa vina chumvi na pH ya juu, pima kwa karatasi za pH, na mchanganyiko usilale kwenye bomba.

Kuanzia wiki moja kabla ya mchumo: propamocarb na fluopicolide, kisha mandipropamid, kisha cyazofamid ikipatikana, halafu unarudi mwanzo. Kwenye lebo za nchi nyingi hizi zina siku 0 hadi 3 za kusubiri, lakini lebo ya pakiti uliyoshika mkononi ndiyo inayohukumu. Kama uliitumia dimethomorph hapo juu, usianze na mandipropamid. Hali ikiwa kavu nenda siku 10, umande mzito au mvua siku 5 hadi 7. Kundi moja lisizidi mara mbili tatu kwa msimu.

Fosetyl (kiini kingine cha kupenya) isichanganywe na shaba kwenye bomba moja, wala zisifuatane karibu, majani yataungua.

Nunua zilizosajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania), namba ya usajili iko kwenye lebo. Dawa iliyopimwa kutoka gunia na kufungwa kwenye karatasi usiiguse, hakuna ajuaye ilikaa wapi. Glavu, miwani, barakoa, buti. Kanga usoni haizuii kitu.

---

KitaluNyumba

Nyongeza moja: kama mabaka yameshafika majani ya juu na mmea umekuwa ukichumwa kwa wiki tatu nne, hesabu gharama ya dawa na kibarua dhidi ya michumo iliyobaki. Mara nyingi hailipi. Tumia pesa hiyo kwenye shamba dogo linalofuata.

---

MsongolaMboga

Nimekaguwa leo alfajiri, vinyoya vipo majani ya chini, juu bado safi, mchumo wa kwanza kama wiki mbili mbele. Matango mazee yako upande wa kusini wa haya. Nianzie wapi?

---

RafuYaDawa

Leo alasiri: mancozeb na cymoxanil, chini ya majani, kama majani ni makavu. Baada ya siku 5 propamocarb na fluopicolide. Angalia siku za kusubiri za hiyo mancozeb kwenye pakiti yako kabla hujaifungua. Wiki mbili zinatosha kwa lebo nyingi, si zote.

---

UpepoWaKusi

Na kabla ya dawa, yale mazee. Kusi inavuma sasa, kila asubuhi yanakurushia. Subiri umande ukauke, kata mashina karibu na udongo mstari mzima, acha majani yafe juu ya kamba yenyewe kwa siku chache. Ukiyang'oa na kuyakung'uta mabichi unayatikisa yaachie spora zote kuelekea kwenye mapya. Kamba utazikusanya yakikauka.